Kuifuata Baridi: Siku Ishirini Eastlands



Katika miezi ya Februari na Machi, kaskazi inapomalizikia na masika hayajaingia, mji wetu wa Mombasa huwa na joto la kumnyima mtu usingizi. Mwaka huu joto hilo lilitufika nyumbani kwa namna tusiyoizoea. Mama watoto, ambaye ana maradhi ya shinikizo la damu kwa miaka kadhaa sasa, alizirai mara mbili jikoni. Mara ya pili alikuwa na mwiko mkononi, akiupua wali. Tabibu alimtazama, akambadilishia dawa, kisha akamwambia kwa upole kwamba kama anapo mahali pa baridi pa kupumzikia miezi hiyo, basi aende. Tukatoka pale na neno hilo moja vichwani: baridi.

Wala si sisi peke yetu. Haipiti Ijumaa ila mzee mmoja au wawili hutusubiri nje ya msikiti, wakatuuliza: "Sheikh, waonaje, tuhame?" Wana watoto walioajiriwa Nairobi, na watoto hao huwaita. Wengine wameshaonyeshwa picha za nyumba kwenye simu, na wengine wameshaanza kuuza vyombo. Tukaona si vyema kuwajibu watu kwa kukisia. Binti yetu na mumewe wanaishi Umoja, upande ule wa mashariki ya Nairobi uitwao Eastlands. Basi mwezi wa Julai, ndio mwezi wa baridi yenyewe, tukafunga mizigo tukaenda kukaa siku ishirini.

Kuna na jambo jingine ambalo ni lazima tulikiri mapema. Katika mfuko wa kanzu tulikuwa na namba ya simu ya mtu aliyetaka kuinunua nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu. Tutalirudia jambo hilo mbele, inshallah.

Tulipanda treni ya Madaraka Express pale Miritini, treni iliyoanza safari zake mwaka 2017. Njia inayofuata ni karibu ile ile ya reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Msafiri aliyeketi dirishani haoni kama anapanda, kwa sababu nchi yenyewe huinuka polepole: minazi huisha, yakaja mapori ya Taru, ukaja udongo mwekundu wa Voi na Tsavo, kisha mbuga za Athi zilizo wazi kama bahari isiyo na maji. Lakini mwili hutambua. Wataalamu wa hewa husema kwamba kila mtu anapopanda mita 1,000 joto hupungua takriban nyuzi sita, na Eastlands iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Tuliposhuka kituo cha mwisho jioni, mama watoto alijifunika mtandio juu ya buibui, akavuta pumzi ndefu, akasema: "Alhamdulillahi, hii ndiyo hewa." Tangu mwezi wa Januari tulikuwa hatujamsikia akivuta pumzi namna ile.

Jina lenyewe la Nairobi latokana na lugha ya Wamasai, na maana yake ni maji baridi. Hao ndio waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao hapo kabla ya reli. Ilipofika reli, ikawa kambi; kambi ikawa mji; na mwaka 1905 serikali ya wakoloni ikayahamisha makao yake makuu kutoka Mombasa kuyapeleka huko. Sababu zilikuwa nyingi, na baridi ilikuwa miongoni mwazo. Mzungu aliiogopa hewa ya pwani, akaona kwamba nyanda za juu zinaufaa mwili wake na mashamba yake. Kwa hivyo tunaposema leo kwamba tunahamia Nairobi kwa ajili ya hewa, tusidhani kwamba tumezua jambo. Mji ule mzima ulipewa ukubwa wake na watu walioifuata baridi.

Lakini waliotangulia kuichagua baridi walichagua na nani akae wapi. Upande wa magharibi na kaskazini ya mji ndiko kwenye vilima, miti mirefu na udongo mwekundu unaonywa maji upesi; huko wakakaa Wazungu. Upande wa mashariki nchi ni tambarare, na udongo wake ni mweusi, ule wa mfinyanzi unaovimba ukinyesha na kupasuka ukikauka. Huko wakapangiwa Waafrika. Mtu aliyefika Eastlands wakati wa mvua ameujua udongo huo kwa viatu vyake. Kwa hiyo hata ndani ya mji mmoja baridi haikugawanywa sawa. Wa kilimani walipata baridi na ukavu, na wa bondeni wakapata baridi na matope.

Na katika hao wa bondeni tulikuwamo sisi. Kabla ya mitaa ya serikali, Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika ambamo Waislamu walikuwa wengi: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja ambacho jina lake lilikuwa Mji wa Mombasa. Wakazi wake walikuwa wapagazi, askari, wafanyabiashara, mafundi, na wanawake waliojenga na kumiliki nyumba zao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukaanzishwa mtaa wa Pumwani, vijiji vikaanza kuvunjwa, na watu wakahamishiwa huko. Kwa kuwa walipewa viwanja wakajijengea, watu wakauita Majengo, na hadi leo ndilo jina litumikalo. Sikio la Mswahili likisikia Pumwani husikia ndani yake neno pumua.

Tulizunguka mitaa hiyo kwa matatu na kwa miguu, tukawa kila tunaposoma kibao tunatazamana. Majengo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Makadara: majina haya yote tunayo na sisi pwani. Kuna Maringo na Bahati na Shauri Moyo, ambayo hayahitaji kufasiriwa. Kuna Kariokor, jina lililobaki kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama lilivyobaki Kariakoo ya Dar es Salaam. Kuna Mbotela, mtaa wenye jina la Tom Mbotela, kiongozi wa siasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, na ambaye babake, James Mbotela wa Freretown, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Mpwani anayekwenda Eastlands haendi ugenini kabisa. Anakwenda mahali ambapo wenziwe walitangulia, wakaacha majina na misikiti.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana ndiyo mnayotaka kuijua.

Binti yetu anakaa ghorofa ya tatu katika jengo la ghorofa sita. Umoja ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa nyumba za chini zenye vyumba vichache na nafasi mbele. Leo nyingi ya hizo zimevunjwa, na majengo marefu yamesimama ukuta kwa ukuta. Usiku wa kwanza na wa pili mama watoto alilala hadi alfajiri bila feni. Mombasa mwezi wa Machi mchana hupita nyuzi 32, na usiku haupoi. Nairobi mwezi wa Julai mchana hufika nyuzi 21 au 22, na usiku hushuka hadi 11 au 12. Tulishukuru sana, na sisi wenyewe tukaanza kupiga hesabu za pesa za nyumba.

Siku ya nne tukaanza kuona upande wa pili. Jua la Julai Nairobi haliji kila siku. Mawingu hutanda asubuhi hadi mchana, na manyunyu huanguka bila ya kuwa mvua. Dirisha la chumba tulicholala limetazamana na ukuta wa jirani, umbali wa mkono. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zilikuwa zikinuka unyevu siku ya Alhamisi. Pembeni mwa dari palikuwa na ukungu mweusi. Na mjukuu wetu, mtoto wa miaka minne, kifua chake kilikuwa kikilia usiku kama filimbi. Tulidhani ni mafua. Binti yetu akasema: "Abba, huyu kila mwaka ikifika Juni huwa hivi. Huko kwetu hupona." Basi tukajikuta katika nyumba moja tuna mgonjwa wa joto na mgonjwa wa baridi, bibi na mjukuu wake.

Usiku wa saba tulifanya kosa, na twalieleza ili lisimpate mwingine. Baridi ilizidi. Sisi tuliokulia pwani tulijua jiko la makaa kuwa ni chombo cha jikoni kisicho na hatari ila ya kuunguza. Tukaomba liwashwe, na makaa yalipokwisha kuwa mekundu na moshi kumalizika tukaliingiza chumbani, tukafunga mlango na dirisha tukalala. Mtoto alikuwa kwetu usiku ule, kwa kuwa tulitaka apate joto. Saa nane za usiku binti yetu aliamka kwa ajili ya sala, akaja kumtazama mwanawe, akaliona jiko. Alifungua dirisha, akamtoa mtoto, akatuamsha kwa kututikisa kwa nguvu. Vichwa vilikuwa vikituuma kama vimepasuliwa, na mama watoto alitapika. Tulikwenda hospitali usiku ule ule, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu tukarudi sote.

Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hasikii chochote; hulala tu, wala asiamke. Kutokuwapo kwa moshi si usalama. Enyi mama mnaokwenda nchi za baridi, na nyinyi mnaowapeleka wanenu kusoma huko: jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata kidogo, hata kwa dakika chache, hata kwa ajili ya kufukiza ubani kisha mkasahau. Blanketi la pili lina thamani kuliko gunia la makaa.

Baada ya usiku ule hatukuzungumza juu ya kuhama kwa siku mbili. Siku ya tatu mkwe wetu, kijana mpole asiyependa kuona watu wazima wamenyamaza, alituchukua Majengo tukasali adhuhuri katika Msikiti wa Riyadha, ambao jina lake huturejesha sisi Lamu kila tulisikiapo. Baada ya sala tulipelekwa kumwamkia mama mmoja mkongwe wa mtaa ule, aliyepita miaka sabini, ambaye ukoo wake umekaa Nairobi vizazi vinne. Nyumba yake ni ya mtindo tunaoujua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Watoto wa chuo walikuwa barazani na mbao zao. Alituletea chai ya tangawizi na mahamri.

Mama watoto akamweleza habari ya joto letu na nia yetu. Mama yule akasikiliza, kisha akatuuliza sisi: "Mwanangu sheikhe, hiyo nyumba ya Mombasa mtaifanyaje?"

Tukamwambia kwamba huenda tukaiuza, ili tupate cha kuanzia.

Akanyamaza kidogo, kisha akatusimulia. Bibi yake alikuwa na nyumba Pangani, aliyoijenga kwa mikono na pesa zake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikavunjwa. Wakazi wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za kupanga zilizojengwa na baraza la mji. "Bibi yangu aliingia Shauri Moyo na kitanda chake na sanduku lake," akasema. "Chumba kilikuwa kizuri, cha mawe. Lakini alikuwa akisema, jana nilikuwa mwenye nyumba, leo nangoja mwisho wa mwezi. Alisema hivyo mpaka akafa. Yeye alivunjiwa. Wewe wavunja mwenyewe?"

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yetu.

Njiani kurudi Umoja, katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, mama watoto alituuliza jambo ambalo hatukutaka kuulizwa: "Dada zako wanajua kwamba kuna mnunuzi?"

Nyumba ile, wasomaji wetu, si yetu peke yetu. Ni mirathi. Dada zetu wawili wana mafungu yao ndani yake kama Mwenyezi Mungu alivyoyagawa, ingawa wameolewa na wanakaa kwengine, na hawajapata kuomba kodi wala mgao. Sisi tulikuwa tumekwisha kuzungumza na mnunuzi mara tatu, na hatukuwa tumewaambia. Tulijidanganya kwamba tutawaambia bei ikikamilika. Na sisi ndio tunaofundisha watu kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mshirika kuuza mali ya shirika kabla ya kumjulisha mwenzake. Elimu ya kinywani ni nyepesi. Tulishuka kwenye matatu, tukawapigia simu wote wawili tukiwa bado tumesimama kituoni, tukawaomba radhi. Mdogo alilia. Mkubwa akasema: "Kaka, mimi sikatai mgonjwa apate dawa. Lakini humo ndimo tulimooshea baba."

Siku zilizobaki tulizitumia kutazama nyumba za kupanga, kwa kuwa haja ya mama watoto ilikuwa bado iko palepale. Tulitazama Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, ambao nyumba zake nyingi bado zina bustani ndogo na anga juu yake. Tukatazama Donholm, na Umoja yenyewe. Hapa twawaandikia tuliyojifunza, kwa faida ya aliye na nia.

Kwanza, mtu hakai katika hewa ya mji. Hukaa katika hewa ya nyumba. Nyumba mbili za mtaa mmoja hutofautiana kama miji miwili. Ghorofa ya juu iliyo karibu na mabati huwa tanuri mwezi wa Februari, na ya chini isiyopata jua huwa kisima mwezi wa Julai. Tazama dirisha linaelekea wapi. Miezi ya baridi jua la Nairobi huwa upande wa kaskazini, na kibla cha Nairobi ni kaskazini pia, kwa kuinamia mashariki kidogo. Basi kwa ufupi: dirisha lililo upande wa kibla ndilo litakalopata jua unapolihitaji. Nyumba iliyo na dirisha hilo, na isiyozibwa na jengo la jirani, ina thamani ya kuongezewa kodi.

Pili, uliza maji kabla ya kuuliza kodi. Nairobi hupata maji yake kwa wingi kutoka bwawa la Ndakaini, mbali na mji, na mitaa mingi ya Eastlands hupata kwa zamu. Uliza ni siku gani za wiki maji hufika, na kama jengo lina tangi. Mwenye kutawadha mara tano kwa siku hawezi kulipuuza jambo hili.

Tatu, mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu azungumze na tabibu wake kabla ya safari, kwa kuwa huko juu hewa ni nyepesi zaidi, na siku za mwanzo mtu huchoka kwa kupanda ngazi. Tena, jengo la ghorofa sita aghalabu halina lifti. Na mwenye mtoto wa pumu aende kujaribu mwezi wa Julai, asiende Desemba akadanganyika.

Nne, jikoni. Maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama kwetu, kwa sababu ya urefu wa nchi. Mbaazi na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Yaroweke tangu usiku. Nazi zipo lakini si za bei ya kwetu, na samaki aliye rahisi ni wa ziwani.

Tano, mbu wa malaria ni haba Nairobi, na hiyo ni neema. Lakini mtoto akikaa huko miaka, mwili wake husahau malaria. Akija pwani likizo, asilale bila chandarua. Wengi wamefika kwa bibi na furaha, wakarudi na homa.

Sita, nyakati za sala. Jua hutua Nairobi nyuma ya Mombasa kwa dakika saba hadi kumi na sita hivi, kulingana na majira. Usifuturu Nairobi kwa adhana ya redio ya Mombasa.

Saba, udhu wa baridi. Kuna thawabu kubwa kwa mwenye kutimiza udhu wakati wa mashaka, lakini dini haikumtaka mtu ajidhuru. Kuyapasha moto maji ni ruhusa, na kwa mkongwe na mgonjwa ndiko bora. Tayamamu kwa sababu ya baridi si ya kila anayetetemeka. Ni ya mwenye kuhofia madhara na asiyepata cha kupashia maji. Kuna na ruhusa ambayo sisi wa pwani huisoma vitabuni bila ya kuitumia: kupangusa juu ya soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, zilizovaliwa juu ya udhu kamili. Mkazi hupangusa muda wa mchana na usiku wake, na msafiri siku tatu. Nasi tuliotia nia ya kukaa siku ishirini hatukuwa na hukumu ya msafiri pale. Tulisali kamili, tukapangusa kama wakazi.

Katika usiku wa mwisho tulikaa sebuleni, sisi na mama watoto na binti yetu na mumewe, tukazungumza. Tulikumbushana habari ya Masahaba walipohamia Madina. Hewa ya Madina iliwadhuru, Abubakar na Bilal (r.a.) wakashikwa na homa kali, na Bilal katika homa yake akawa akiyalilia mabonde ya Makka. Bibi Aisha (r.a.) akampelekea habari Mtume (s.a.w.). Naye akawaombea Mola awapendezeshee Madina, aifanye kuwa na siha, na abariki pishi na kibaba chake. Twazingatieni alichokiomba. Siha imo, lakini haikuwa peke yake: ilikuwa pamoja na mapenzi ya mahali na baraka ya chakula. Mwenye kuhama kwa ajili ya hewa tu amekwenda na fungu moja katika mafungu matatu.

Mama watoto akasema: "Mimi sikuomba kuhama. Daktari alisema miezi. Nyinyi ndio mlioifanya kuwa miaka."

Ilikuwa kweli. Neno la tabibu lilikuwa dogo, nasi tukaliongeza hadi likafika kwa mnunuzi wa nyumba. Hapo tukaikumbuka Sura ya Quraysh, ambayo watoto wetu huihifadhi wangali wadogo, na ndani yake zimetajwa safari mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Watu wale walikuwa na mji wao na Nyumba waliyoitunza; walikwenda kwa majira, na walirudi. Na wazee wetu wa majahazi je? Walikuja na kaskazi wakaondoka na kusi. Hakuna aliyewaambia wavunje nyumba zao kwa kuwa upepo umegeuka.

Basi tumekubaliana hivi, na dada zetu wameridhia. Nyumba ya baba haiuzwi. Chumba cha mbele, ambacho kilikuwa ghala ya vitu visivyotumika, kitapangishwa, na kodi yake itagawanywa kwa mafungu ya mirathi kama ilivyopasa tangu zamani. Dada zetu wamesamehe ya nyuma, na ya mbele wamesema itumike kwa matibabu ya wifi yao. Mama watoto atakwenda Nairobi mwanzoni mwa Januari, wakati kwetu joto lapanda na kwao jua lawaka bila ya ukali, na atarudi masika yakiingia. Na kila ifikapo Juni, mjukuu wetu mwenye kifua ataletwa Mombasa akae na bibi yake mpaka baridi ya Nairobi ipungue. Wakati huo atakuwa bado hajaanza darasa la kwanza, na baadaye Mungu ana lake. Kwa miezi hiyo binti yetu ameahidi kuhamia nyumba nyingine ya mtaa ule ule, yenye dirisha la kibla. Tumeiona. Kodi yake ni juu kidogo, na mkwe wetu hakusita.

Namba ya mnunuzi tuliifuta kwenye simu, na kile kikaratasi tukakitia katika jiko, nje, kibarazani, mahali panapopita upepo.

Kwa wanaotuuliza baada ya Ijumaa, jibu letu ni hili. Nendeni mkaione baridi kabla ya kuinunua, na mkaione katika mwezi wake mbaya. Salini istikhara, mkaulizane na wake zenu, na wenye fungu katika nyumba waulizwe mwanzo, si mwisho. Eastlands ni mahali pa watu wema, misikiti yake imejaa, na mpwani hakosi huko wa kumwamkia kwa lugha yake. Atakayehama kwa haja yake, Mwenyezi Mungu amwekee baraka katika pishi na kibaba. Na atakayebaki na joto lake, amwagie maji ukumbini wakati wa alasiri, afungue dirisha la baharini, na asubiri kusi. Hajapata kukosa kuja.